Kutumia Kanzidata Moja katika Ofisi Yenye Kompyuta za Aina Mbali Mbali

Ukurasa huu unakusudia kuwaeleza watumishi wa Serikali, khasa wale wanaofanya kazi katika masjala, uhasibu, utumishi na utunzaji wa kumbukumbu, juu ya jambo ambalo huonekana dogo mpaka siku linapoleta madhara. Nalo ni namna kompyuta kadhaa za ofisi moja, zisizokuwa za aina moja, zinavyoweza kutumia kanzidata moja bila ya kuiharibu. Jambo hili si la mafundi peke yao. Mwananchi anayefika dirishani kuulizia kiinua mgongo chake, hati yake ya ardhi au cheti cha kuzaliwa cha mwanawe hana habari na waya zilizopita ukutani. Anachokijua yeye ni kwamba haki yake imeandikwa, na kwamba Serikali ndiyo iliyopewa amana ya maandishi hayo.

Kanzidata, kwa wasomaji wetu ambao neno hili bado ni geni kwao, ni mkusanyiko wa taarifa zilizopangwa kwa mistari na safu, kila mstari ukihusu mtu mmoja au kitu kimoja, kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzitafuta na kuzipanga upya kwa haraka. Daftari la wastaafu, orodha ya watumishi, rejista ya viwanja, hesabu ya dawa katika bohari, vyote hivyo vikiingizwa katika kompyuta kwa mpangilio huo huwa kanzidata.

Ofisi nyingi hazikuchagua kuwa na kompyuta za aina mbali mbali. Zimekuja zenyewe, kidogo kidogo. Mashine za mwanzo zilinunuliwa kwa fedha za bajeti, nazo ni za Windows. Baadaye mradi ukaja na mashine mbili za Apple, na mradi ulipomalizika mashine zikabakia. Kisha fundi, kwa kuepuka gharama za leseni, akaifufua mashine kuukuu kwa kuitia Linux na kuifanya seva, yaani kompyuta ya kuwekea mafaili ya ofisi nzima. Hakuna kosa katika hayo. Ila kila mmoja wa mifumo endeshi hiyo una desturi zake za kufungua, kufunga na kuandika, na kanzidata ikiachwa kati yao bila ya mpango huwa kama mtoto anayelelewa na nyumba tatu, kila nyumba ikidhani amekula kwa jirani.

Wengi wetu tulianza kushirikiana mafaili kwa barua na taarifa za kuchapa. Barua huwekwa katika folda ya pamoja, mmoja akaifungua, akaisahihisha na kuifunga, na mwengine akija huikuta imeshasahihishwa. Kompyuta huichukua barua nzima, hufanya kazi yake pembeni, kisha huirejesha nzima. Faili la kanzidata haliendi hivyo. Programu haichukui faili zima, bali huingia ndani yake ikasoma kipande hapa na kipande pale, ikaandika kipande kimoja katikati, ikabadilisha faharasa mwishoni, na hayo yote huyafanya wakati ambapo programu nyengine, katika kompyuta nyengine, inafanya vivyo hivyo ndani ya faili lile lile.

Anayeijua masjala ya zamani ataifahamu tofauti hii kwa wepesi. Hakuna ofisa aliyeruhusiwa kuingia mwenyewe kabatini na kuchomoa jalada. Aliliomba kwa karani wa masjala, karani akaandika katika daftari lake ni nani aliyelichukua na tarehe gani, na mwengine akilihitaji akaambiwa kuwa lipo kwa fulani. Kanzidata iliyowekwa katika folda ya pamoja na kufunguliwa moja kwa moja na kila kompyuta ni masjala isiyo na karani. Mlango uko wazi, kila mtu anaingia na kalamu yake, na usalama wa daftari unategemea kila mmoja kukumbuka adabu.

Tuchukue mfano. Mstaafu mmoja wa Makunduchi amefika ofisini saa tatu asubuhi kubadilisha namba ya akaunti ya benki ambako pencheni yake hupelekwa. Karani wa kwanza amefungua mstari wake katika skrini. Wakati huo huo, katika chumba cha pili, karani mwengine ameufungua mstari ule ule kurekebisha anuani, kwa sababu sheha ameleta orodha mpya. Karani wa kwanza anaandika akaunti mpya na kuhifadhi. Karani wa pili, ambaye skrini yake bado inaonesha mstari kama ulivyokuwa dakika tano kabla, anaandika anuani na yeye anahifadhi. Ikiwa programu inarejesha mstari mzima bila ya kuuliza, akaunti ya zamani imerudi mahali pake, na hapana aliyeona. Mwisho wa mwezi fedha zinapelekwa katika akaunti iliyokwisha kufungwa. Mzee anarudi, anaambiwa kuwa kwa mujibu wa kumbukumbu hajawahi kubadilisha chochote, naye ana hakika kwamba alikuja.

Katika programu ya Microsoft Access, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1992 na ambayo hadi leo inaendesha madaftari mengi ya maofisini, hali ya kawaida ni kutoufunga mstari wakati unahaririwa. Programu huugundua mgongano pale tu karani wa pili anapohifadhi, nayo humtolea onyo lenye njia tatu: ahifadhi lake juu ya la mwenzake, aliweke lake pembeni ili aangalie kwanza mwenzake ameandika nini, au aliache. Onyo hilo linakuja kwa Kiingereza, foleni iko mbele ya dirisha, na karani hubonyeza kitufe cha kuhifadhi bila ya kusoma. Hapo ndipo akaunti ya mzee inapopotea. Mkuu wa ofisi anayetaka kuanza na jambo jepesi basi aanze na hili: makarani wafundishwe onyo hilo linasema nini, na fundi aibadilishe programu ili mstari ufungwe tangu pale mtu anapoanza kuuandikia.

Kufunga huko ndiko kunakoitwa kufuli, na ofisi yenye mashine za mchanganyiko hupata taabu yake kubwa hapo, kwa sababu kufuli hazifanani. Windows ina kufuli ya kulazimisha. Programu ikishafunga kipande cha faili, nyengine itakayojaribu kuandika hapo hukataliwa na mfumo endeshi wenyewe, itake isitake. Katika ukoo wa Unix, wenye Linux na pia mfumo wa sasa wa Apple, kufuli ya kawaida ni ya kupeana heshima. Programu inatakiwa iulize kwanza kama pamefungwa, na isipouliza hapana wa kuizuia. Ya kwanza ni mlango wenye komeo. Ya pili ni pazia, ambalo linamtosha mwenye kupiga hodi na halimzuii asiyepiga.

Watu wote wakipita mlango mmoja, seva inaweza kuzitafsiri desturi hizi mbili ili zikubaliane. Balaa huingia pale seva inapoitoa folda ile ile kwa milango miwili, SMB kwa mashine za Windows na NFS kwa mashine za Linux, kwani anayepita mlango mmoja huenda asizione kufuli za anayepita mlango wa pili. Folda yenye kanzidata itolewe kwa mlango mmoja tu. Leo hilo halina uzito wowote, kwa vile SMB inafahamika na mifumo yote mitatu. Apple wenyewe waliifanya kuwa njia yao kuu ya kushirikiana mafaili mwaka 2013.

Milango hiyo miwili ina historia yake, nayo inafaa kuguswa kidogo. NFS ilitolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1984 kwa ajili ya mashine za Unix. SMB ilianzia IBM katika miaka hiyo hiyo ya 1980 na baadaye ikaendelezwa na Microsoft. Mashine za pande hizo mbili hazikuelewana kwa wepesi, mpaka Andrew Tridgell, aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini Canberra, Australia, alipoanza mwishoni mwa mwaka 1991 kuyasikiliza mazungumzo ya kompyuta katika waya na kuiandikia Unix programu ya kuyajibu. Baadaye, alipohitaji kuibadilisha jina programu yake, aliitafutia katika orodha ya maneno iliyokuwemo ndani ya kompyuta neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo, na miongoni mwa yaliyotoka likawemo Samba. Kwa hivyo jina hilo halikutokana na ngoma ya Brazil, kama wengi wanavyodhani. Seva nyingi za Linux zinazohudumia kompyuta za Windows maofisini hufanya hivyo kwa Samba.

Lipo jambo jengine lililojificha zaidi kuliko kufuli. Ili kupunguza safari za kwenda na kurudi katika waya, seva humpa wa kwanza aliyefungua faili ruhusa ya kushika nakala ya kile alichokisoma na kufanyia kazi huko huko kwake, kwa sharti kwamba akitokea mtu wa pili, seva itamtaka arejeshe kwanza alichokishika. Kwa barua mpango huu ni mzuri mno na huifanya ofisi nzima iende haraka. Kwa kanzidata yenye waandishi wengi ni hatari. Waya ukilegea au mashine ikizimika pale inapotakiwa kurejesha, maandishi ambayo karani aliyaona kwa macho yake kuwa yamehifadhiwa hayajafika katika diski ya seva. Yalikuwa katika kumbukumbu ya mashine iliyozimika. Pengine hupotea mstari mmoja, na pengine faharasa ikabakia inaelekeza kusikokuwepo, na faili zima likakataa kufunguka. Maelekezo ya Samba yenyewe yanashauri ruhusa hiyo iondolewe kwa mafaili ya namna hii. Fundi anaweza kuiondoa kwa folda nzima, au kwa mafaili yenye mwisho fulani wa jina tu, na kazi hiyo ni ya mstari mmoja au miwili ya maandishi. Ofisi itaenda polepole kidogo, na ukurasa huu unaona kuwa hiyo ni bei ndogo.

Kwa wanaotumia Access upo utaratibu wa kuzingatiwa ambao huwasumbua wengi bila ya kujua chanzo. Faili linapofunguliwa, programu huunda faili dogo pembeni yake, lenye jina lile lile na mwisho wa .laccdb, au .ldb kwa mafaili ya matoleo ya kale, ambamo huandikwa ni kompyuta zipi zimo ndani. Hilo ndilo daftari la masjala. Kwa hivyo kila mtumiaji lazima awe na ruhusa ya kuunda na kufuta mafaili katika folda ile, siyo ya kusoma na kuandika faili la kanzidata peke yake. Fundi mwenye kuona mbali sana katika mambo ya usalama huwanyima ruhusa hiyo, halafu watu wakashangaa kuwa anayewahi asubuhi ndiye pekee anayeweza kufungua. Kadhalika, mashine za Apple huacha katika folda za pamoja mafaili madogo yanayoanza kwa nukta. Hayo si virusi na hayana dhara.

Microsoft haijawahi kutoa Access kwa mashine za Apple, wala kwa Linux. Zipo programu za pembeni zinazoweza kulisoma faili lake katika mashine hizo, nazo zitumike kusoma nakala tu. Programu isiyozijua desturi za mwenye nyumba isipewe kalamu. Aidha, faili moja la Access haliwezi kuzidi gigabaiti 2, na watumiaji wa wakati mmoja hawawezi kuzidi 255. Idadi hii ya pili isimdanganye mtu, kwani ofisi itaanza kuona uzito na kukwama kabla ya kuikaribia.

Ama kuhusu maandishi yenyewe, Kiswahili kimetuepusha na mengi. Herufi zetu hazina alama juu wala chini, kwa hivyo hatukuyapata yale waliyoyapata wenzetu wanaoandika Kifaransa, ambao majina yao yaligeuka mafumbo kila yalipohama kutoka mashine moja kwenda nyengine. Lakini tunayo alama moja, nayo inatosha kutuvuruga: ile ya ng'. Tuchukue jina la Ng'ambo, ambalo kila mtu wa Mjini Unguja analijua. Alama iliyonyooka, iliyo katika kibodi, ina namba 39 katika mashine zote. Programu za kuandikia barua, kwa kupenda uzuri, huigeuza ikawa ya mviringo, na hiyo ya mviringo ni namba 146 katika jadweli la Windows la nchi za Magharibi, namba 213 katika jadweli la zamani la Macintosh, na namba 8217 katika jadweli la pamoja la Unicode. Orodha iliyoandikwa katika Macintosh ya zamani ikisomwa na Windows bila ya kutafsiriwa, Ng'ambo huwa NgÕambo. Wananchi wa mtaa mmoja wakawa wa mitaa mitatu, na anayetafuta kwa alama iliyonyooka akapata theluthi yao na kuitia katika ripoti yake kwa nia njema kabisa.

Zaidi ya hayo, katika lugha ya SQL ambayo kanzidata nyingi huulizwa kwayo, alama hiyo hiyo iliyonyooka ndiyo inayoashiria mwanzo na mwisho wa neno. Programu iliyoandikwa kwa uzembe hukwama ikikutana na Ng'ambo au ng'ombe, na uzembe huo huo ndio mlango ambao wahalifu wa mtandao huutumia kuingiza amri zao ndani ya kanzidata. Fundi anapoleta programu mpya, jaribio la kwanza liwe ni kuingiza jina lenye ng'. Kanzidata yenyewe itumie Unicode tangu mwanzo, khasa pale ambapo majina au hati huandikwa pia kwa herufi za Kiarabu, na fomu ya kuingizia taarifa iigeuze kila alama ya mviringo kuwa iliyonyooka kabla ya kuhifadhi.

Tarehe nazo zina fitina yake. Mashine iliyoachwa katika mpangilio wa Marekani huisoma 3/4 kuwa tarehe 4 Machi, na ya pili yake, iliyopangwa kwa desturi yetu, huisoma kuwa tarehe 3 Aprili. Hakuna onyo linalotolewa, kwa kuwa zote mbili ni tarehe sahihi. Kosa hujifichua tu siku inapozidi 12. Jengine ni la programu ya Excel. Mafaili ya Windows huhesabu siku kuanzia mwaka 1900, na mafaili mengi ya zamani ya Macintosh yalihesabu kuanzia 1904. Tofauti yake ni siku 1,462, yaani miaka minne na siku moja. Namba za tarehe zikihamishwa kutoka faili la Macintosh kwenda la Windows bila ya kurekebishwa, mtumishi aliyezaliwa 1970 huonekana amezaliwa 1966, na atapelekewa barua ya kustaafu miaka minne kabla ya wakati wake. Tarehe ziandikwe kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na safu yake iwe safu ya tarehe siyo ya maandishi tu.

Majina ya mafaili yanataka neno moja tu. Linux huhesabu Wastaafu na wastaafu kuwa mafaili mawili, na Windows huyahesabu kuwa moja. Tumieni herufi ndogo, bila ya nafasi. Na viunganisho visitumie herufi za diski kama X au Z, ambazo kila mashine hujipangia yenyewe, bali vitumie jina kamili la seva.

Visiwa vyetu vina mambo mawili ambayo vitabu vya kigeni havitaji. La kwanza ni bahari. Ofisi ya Chake Chake inapolifungua faili lililopo katika seva ya Unguja, seva haitafuti jina kwa niaba yake. Hutoa vipande vya faili tu, na kazi ya kutafuta hufanyika Pemba. Ikiwa safu inayotafutwa haina faharasa, daftari zima huvuka bahari kwa ajili ya mtu mmoja, na muunganisho ukikatika njiani wakati wa kuandika, yanatokea yale tuliyokwisha kuyaeleza. Faili la namna hii lisifunguliwe nje ya jengo lake. Hata ndani ya jengo, anayeandika atumie waya, na mtandao wa hewani uachiwe wanaosoma.

La pili ni umeme. Kila mtu mzima wa Unguja anakumbuka kukatika kwa umeme wa Mei hadi Juni 2008, na kule kwa Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa baharini unaotoka Bara ulipokuwa hautoi huduma. Lakini kanzidata haiumizwi na miezi mitatu ya giza, maana katika giza hapana anayeandika. Huumizwa na kukatika kwa sekunde mbili, saa nne asubuhi, watu sita wakiwa ndani ya faili. Ofisi nyingi zimenunua betri ya kuiegemeza seva na kuridhika. Kile kisanduku kinachogawa waya za mtandao kikiachwa bila ya betri, seva itabakia hai na kila kompyuta itakuwa imekatwa nayo katikati ya sentensi. Betri iwe kwa vyote viwili, na kwa kila kompyuta inayoandika.

Yote tuliyoyaeleza mpaka hapa ni adabu za masjala isiyo na karani. Dawa yenyewe ni kumweka karani. Karani huyo ni programu maalumu inayokaa katika seva, nayo peke yake ndiyo inayoligusa faili. Kompyuta za ofisi hazifungui kitu, bali hupeleka ombi na kupokea jibu. PostgreSQL, iliyotokana na kazi iliyoanza mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni mmoja wa makarani hao, na MariaDB ni mwengine, na zote mbili hazina ada ya leseni. Karani wa namna hii huandika kwanza katika kitabu chake cha matukio anachokusudia kufanya, ndipo akaligusa daftari. Umeme ukikatika, akiamka husoma kitabu hicho, akathibitisha yaliyokamilika na kuyatengua yaliyobakia nusu. Hajali kama aliyeomba ni Windows, Linux au Apple, kwa kuwa wote humwendea kwa lugha moja. Na ombi la Chake Chake huvuka bahari kama mstari mmoja, likarudi jibu la mstari mmoja.

Watengenezaji wa programu za mafaili wenyewe hawapingi hili. Wenye FileMaker, inayotumika katika Windows na Apple, wanawataka wateja wao wenye watumiaji wengi watumie seva yake na wasilifungue faili kupitia folda ya pamoja. Waandishi wa SQLite, iliyotoka mwaka 2000 na iliyomo katika kila simu ya kisasa, wanaonya katika maelezo yao kuwa kufuli za mafaili ya mtandaoni haziaminiki.

Kuhama si lazima kuwe kwa siku moja, wala si lazima makarani waanze kujifunza upya. Fomu za Access walizozizoea zinaweza kubakia katika mashine za Windows, zikaunganishwa na seva kwa njia ya ODBC, na wenye Apple na Linux wakahudumiwa kwa kurasa zinazofunguka katika kivinjari cha intaneti. Yahamishwe kwanza madaftari ambayo makosa yake humdhuru mtu, yaani ya pencheni, mishahara na ardhi, na orodha ya samani za ofisi isubiri zamu yake. Ila wakuu wa ofisi wafahamu kwamba programu ndiyo isiyo na ada. Mtu wa kuiangalia anataka mshahara, mafunzo na msaidizi atakayeshika nafasi yake akihamishwa. Seva yenye fundi mmoja anayejua kila kitu na kuandika chochote hajaandika ni hatari sawa na folda iliyo wazi.

Ofisi ambayo haijaweza bado, na iligawe faili lake mara mbili. Taarifa zikae katika seva, na fomu na ripoti zikae kama nakala katika kila kompyuta, siyo fomu moja kufunguliwa na wote. Aina moja tu ya mfumo endeshi ndiyo iandike. Faili lisiwekwe kabisa katika folda zinazojinakili zenyewe katika intaneti, kama Dropbox na OneDrive, kwani hizo huchukua faili zima kama barua, na waandishi wawili hutoka na mafaili mawili yasiyoweza kuunganishwa. Vile vile isitumike ile lugha ya SMB ya toleo la kwanza kwa ajili ya kuiridhisha kompyuta moja kuukuu ya Windows XP. Ni kasoro katika mashine zilizoiacha wazi lugha hiyo iliyotumiwa na kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani tarehe 12 Mei 2017 na kukwamisha hospitali nyingi za Uingereza, ingawa marekebisho yake yalikuwa yameshatolewa tangu Machi mwaka huo. Kompyuta kuukuu itolewe katika mtandao, ibakie ya kuchapia.

Nakala za akiba zichukuliwe kila siku, watu wote wakiwa wametoka ndani ya faili, kwa sababu kunakili faili linaloandikwa ni kunakili ukurasa ambao wino wake haujakauka. Seva yenye karani inayo amri yake ya kutoa nakala salama bila ya kusimamisha kazi. Nakala moja ikae nje ya jengo, na kwa ofisi zenye matawi yake, ya Unguja ikae Pemba na ya Pemba ikae Unguja. Mara moja kwa mwezi nakala mojawapo ifunguliwe katika mashine nyengine, mistari yake ihesabiwe, watumishi au wastaafu watatu wanaojulikana watafutwe kwa majina na taarifa zao zilinganishwe na majalada ya karatasi, kisha tarehe ya jaribio hilo na jina la aliyelifanya ziandikwe katika daftari la masjala.